Kupunguza Kukoroma: Anza kwa Kujua Sauti Inatoka Wapi

Katika nyumba nyingi za Unguja na Pemba, mtu anayekoroma husifiwa kuwa amelala fofofo, na anayelalamika ni yule wa pembeni yake ambaye usiku kucha hakupata hata lepe la usingizi. Sifa hiyo haiko mahali pake. Kukoroma ni sauti ya pumzi inayopita kwa taabu, na mtu ambaye pumzi yake inapita kwa taabu huenda haupati usingizi mzuri tunaomdhania. Mwongozo huu ni wa anayekoroma na wa anayelala naye pia, kwa sababu wa kwanza hajisikii na wa pili ndiye mwenye ushahidi, na kazi hii haiendi mpaka washirikiane.

Jambo ninalotaka lishikwe kabla ya mengine yote ni kwamba hakuna dawa moja ya kukoroma. Sauti inaweza kuanzia puani, kwenye kaakaa, nyuma ya ulimi, au kwenye koo lililobanwa na unene wa shingo, na dawa inayomfaa mwenye tatizo la pua haimsaidii kitu mwenye tatizo la ulimi. Watu wengi hutumia fedha zao kwa mafuta, vidonge na vifaa vya kila namna, kisha hukata tamaa na kusema kwamba kukoroma hakuna tiba, ilhali walianza na dawa kabla ya kutafuta chanzo.

Sauti hutokeaje

Tunapokuwa macho, misuli ya ulimi na koo hukaza na kuiacha njia ya hewa wazi. Tukilala, misuli hiyo hulegea. Kaakaa laini, yaani ile sehemu ya nyuma ya paa la kinywa isiyo na mfupa, hushuka pamoja na kimeo kinachoning'inia katikati yake. Na ulimi, hasa mtu akilala chali, hurudi nyuma kuelekea kooni. Njia ikishakuwa nyembamba, hewa hulazimika kupita kwa kasi zaidi, na kasi hiyo huzitikisa nyama laini za pembeni kama upepo unavyolipigapiga tanga lililolegea. Mtikisiko huo ndio misono tunayoisikia.

Yapo mambo kadhaa yanayoizidisha njia wembamba. Mafuta ya mwili hayakai tumboni peke yake, bali hukaa pia shingoni na hata ndani ya ulimi, na ndiyo maana mtu aliyenenepa kwa muda mfupi huweza kuanza kukoroma katika umri ambao hakuutarajia. Pua iliyoziba humlazimisha mtu kupumulia mdomo, na mdomo ukiwa wazi taya hurudi nyuma na ulimi ukaifuata. Umri hulegeza misuli. Wanaume hukoroma zaidi kuliko wanawake, lakini tofauti hiyo hupungua mwanamke anapokoma hedhi, na mjamzito huweza kukoroma katika miezi ya mwisho ingawa hakuwahi kukoroma maishani mwake. Pombe, dawa za usingizi na baadhi ya dawa kali za maumivu hulegeza koo kupita kiasi. Sigara huvimbisha utando wa pua na koo. Wengine wameumbwa na kidevu kidogo kilichorudi nyuma, na hao huweza kukoroma ijapokuwa ni wembamba kabisa, jambo ambalo watu husahau wanapomlaumu kila anayekoroma kwa ulaji wake.

Kukoroma kupi ni kwa hatari

Kuna kukoroma kunakosumbua masikio tu, na kuna kukoroma kunakoambatana na kukatika kwa pumzi. Katika hali hii ya pili misono hupanda, kisha ghafla huwa kimya. Kifua na tumbo huonekana vikihangaika lakini hewa haipiti. Na baada ya muda mtu hushtuka kwa mkoromo mkubwa kama aliyepaliwa, hugeuka, na kuanza upya. Mara nyingi hakumbuki chochote asubuhi. Kila mara pumzi inapokatika kwa sekunde 10 au zaidi, oksijeni katika damu huweza kushuka, ubongo huamka kidogo ili kuiokoa pumzi, na moyo husukumwa kufanya kazi ya ziada. Wataalamu huhesabu matukio hayo kwa saa moja ya usingizi: kuanzia 5 hadi 14 huitwa hali hafifu, kuanzia 15 hadi 29 ni ya wastani, na kuanzia 30 ni kali. Mtu mwenye hali kali huamshwa na mwili wake, kwa wastani, kila baada ya dakika mbili au chini ya hapo.

Tatizo hili si la watu wachache. Utafiti uliofanywa Wisconsin, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1993, ulionesha kwamba miongoni mwa watu wazima wa miaka 30 hadi 60, asilimia 24 ya wanaume na asilimia 9 ya wanawake walikuwa na matukio 5 au zaidi kwa saa. Hali hii ikiachwa bila ya kutibiwa huhusishwa na shinikizo la damu, kiharusi, mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, na kisukari. Mwenye presha isiyoshuka licha ya kumeza dawa zake vizuri anapaswa kuulizwa kama anakoroma, na kama haulizwi, basi na aseme mwenyewe.

Dalili za mchana ni muhimu kama zile za usiku: kuamka na kichwa kizito au kinachouma, mdomo kukauka, kuamka usiku mara kadhaa kwenda haja ndogo, kusahau, hasira za haraka, na kusinzia mahali ambapo mtu mwenye usingizi wa kutosha hasinzii. Dereva wa daladala anayesinzia kwenye usukani, au mvuvi anayesinzia akiwa ameshika usukani wa boti, asisubiri kumaliza mwongozo huu. Aache kuendesha na aende akamwone daktari.

Yapo maswali manane yaliyotungwa Toronto, Kanada, na Frances Chung na wenzake na kuchapishwa mwaka 2008, ambayo hutumika katika hospitali nyingi duniani kukadiria hatari hiyo, na mtu anaweza kuyajibu akiwa nyumbani. Je, unakoroma kwa sauti inayosikika hata mlango ukiwa umefungwa? Je, mara nyingi unachoka au kusinzia mchana? Je, yupo aliyekuona pumzi zikikatika usingizini? Je, una shinikizo la damu au unalitumia dawa? Je, uzito wako kwa kilo, ukiugawa kwa urefu wako kwa mita uliozidishwa kwa wenyewe, unazidi 35? Je, umepita miaka 50? Je, mzunguko wa shingo yako unazidi sentimita 40? Je, wewe ni mwanamume? Utepe wa fundi cherehani unatosha kwa kupimia shingo; upitishe chini kidogo ya kongomeo, bila ya kuubana. Jibu la ndiyo kwa maswali matatu au manne ni hatari ya wastani, na kwa matano au zaidi ni hatari kubwa, na hapo hatua za nyumbani ziende pamoja na safari ya hospitali.

Kusikiliza kabla ya kutibu

Kazi ya mwanzo ni kukusanya ushahidi, na simu ya kawaida inatosha. Iwekwe karibu na kichwa cha anayelala, umbali wa mkono mmoja, mtandao ukiwa umezimwa ili isilie, na irekodi kwa siku tatu mfululizo. Inafaa kusikiliza saa ya mwanzo ya usingizi na pia saa moja au mbili kabla ya adhana ya Alfajiri, kwa sababu usingizi wa ndoto huwa mrefu zaidi mwisho wa usiku, na katika usingizi huo misuli hulegea mno na pumzi hukatika kwa urahisi zaidi. Anayelala pembeni aandike katika daftari mambo machache: je, amelala chali au ubavu, mdomo uko wazi au umefungwa, kuna ukimya wa ghafla, na usiku huo alikula nini na saa ngapi.

Namna ya kumwambia mtu kwamba anakoroma ina uzito wake. Wengi huona aibu, na wanawake huona aibu zaidi, kiasi kwamba baadhi yao hukaa miaka bila ya kumwambia daktari. Mke anaweza kusema, "Baba Salma, jana usiku pumzi zako zilikatika nikaogopa; nimekurekodi, naomba usikie mwenyewe." Maneno ya namna hiyo humfungulia mtu mlango wa tiba, ilhali dhihaka mbele ya watoto au wageni humfunga. Sauti hiyo iliyorekodiwa ni ya daktari na ya wenyewe wawili, na haina ruhusa ya kupelekwa kwenye kundi la familia.

Baada ya hapo jaribu mambo matatu ukiwa macho. Kaa mbele ya kioo, ziba tundu moja la pua bila ya kulisukuma upande, funga mdomo na uvute pumzi kwa tundu la pili. Likifungana au ukapata taabu, pua ina sehemu katika kisa hiki. Kisha igiza mkoromo mdomo ukiwa umefungwa. Ukiweza, toa ulimi nje, ubane kidogo kwa meno na ujaribu tena. Sauti ikipungua sana ulimi ukiwa mbele, basi huenda ulimi ndio unaoziba njia. Mwisho, igiza mkoromo mdomo ukiwa wazi kisha ukiwa umefungwa. Anayeweza kwa mdomo wazi tu huenda anasumbuliwa na kupumulia mdomo usiku. Majaribio haya ni ya kukupa mwelekeo, na daftari la siku tatu lina nguvu kuliko yote.

Ubavu, mto na godoro

Kama daftari linaonesha kwamba mkoromo ni mkubwa mtu akiwa chali na unapungua akigeuka, hapo pana tiba ya bei nafuu kuliko zote. Kulala kwa ubavu huuzuia ulimi usirudi nyuma. Waislamu tumefundishwa kulala kwa ubavu wa kulia, na mwenye kuishika sunna hiyo tayari ana nusu ya kazi. Taabu ni kwamba mwili hugeuka wenyewe mtu akishalala. Kwa hiyo inabidi kuuwekea kizuizi. Mto mrefu nyuma ya mgongo husaidia kwa kiasi. Kinachosaidia zaidi ni kushona mfuko mdogo katikati ya mgongo wa fulana ya kulalia, na kutia ndani kipira au kitambaa cha khanga kilichokunjwa na kufungwa kikawa kigumu, ili kila anapotaka kulala chali kimgutushe na kumrudisha ubavuni. Baada ya wiki kadhaa wengi huzoea na kuacha kukihitaji.

Godoro nalo litazamwe. Godoro la sufi lililobonyea katikati humvuta mtu kuelekea kwenye shimo na kumlaza chali kila anapogeuka, na hapo hakuna kipira kitakachofaa kabla ya godoro kufumuliwa, sufi ikachambuliwa na kuanikwa, na kujazwa upya. Kichwa kikiinuliwa kidogo mkoromo hupungua kwa baadhi ya watu, lakini kurundika mito mitatu ni kosa, kwa kuwa shingo hupinda, kidevu hugusa kifua na njia ya hewa huzidi kubanwa. Ni bora kuinua upande mzima wa kichwani wa kitanda kwa sentimita 10 hadi 15, kwa kuweka vipande vya mbao au matofali chini ya miguu miwili ya upande huo, na kuhakikisha kwamba miguu haiwezi kuteleza.

Pua katika hewa yetu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu visiwa vyetu vina unyevu mwingi mwaka mzima, na wakati wa masika nguo hukaa siku mbili kambani bila ya kukauka. Unyevu huo huzalisha ukungu kwenye kuta, hasa katika nyumba za mawe na chokaa za Mji Mkongwe, na hulisha wadudu wadogo wa vumbi wasioonekana kwa macho, ambao hukaa katika magodoro na mito na ni miongoni mwa vyanzo vikubwa vya mzio wa pua. Mwenye pua inayoziba kila usiku lakini ikafunguka akiwa kazini aanze kukishuku chumba chake. Foronya na mashuka yafuliwe kila wiki, kwa maji ya moto ikiwezekana. Mito na godoro viwekwe juani kila mara jua linapotoka. Mto wa sufi uliozeeka na unaotoa vumbi ubadilishwe. Madirisha yafunguliwe mchana. Na ukungu ukutani usuguliwe na kukaushwa, maana kupaka rangi juu yake ni kuuficha tu. Chandarua pia hukusanya vumbi. Kikiwa ni chenye dawa kifuliwe kwa upole, kwa sabuni ya kawaida, na kianikwe kivulini ili jua lisiiharibu dawa yake.

Moshi ni jambo jingine. Udi na ubani ni sehemu ya maisha yetu na sina nia ya kumwambia mtu auache, lakini chetezo kinachofukizwa chumbani muda mfupi kabla ya kulala, mlango ukiwa umefungwa, huuchoma utando wa pua wa mtu mwenye mzio na kuuvimbisha. Fukiza mapema jioni, kisha acha hewa ipite. Dawa ya mbu ya kuwasha ni mbaya zaidi, kwa sababu huwaka usiku kucha karibu na kichwa. Chandarua kizima kinaifanya isihitajike.

Kuosha pua kwa maji ya chumvi ni njia rahisi na salama ikifanywa vizuri. Chemsha maji, yaache yapoe mpaka yawe vuguvugu, chukua mililita 250, tia chumvi kiasi kisichofika nusu kijiko cha chai, na ukoroge mpaka iyeyuke. Inamia juu ya beseni, ingiza maji polepole kwa bomba la sindano lisilo na sindano katika tundu moja, pumulia mdomo, na uache yatoke. Kisha fanya upande wa pili na upenge taratibu. Maji ya bomba au ya kisima yasiyochemshwa yasitumike kuosha ndani ya pua kwa namna hii, kwa kuwa yanaweza kubeba vijidudu vya hatari. Anayefunga afanye hivyo baada ya kufuturu.

Ama dawa za kupuliza puani, ziko za aina mbili na watu huzichanganya. Zile zinazofungua pua papo hapo zisitumike zaidi ya siku tano hivi, kwa sababu zikizidi pua huzoea na huziba zaidi zinapoachwa. Zile za kupunguza uvimbe wa mzio hufanya kazi polepole, na huenda zikahitaji hadi wiki mbili kabla ya faida kuonekana, na mtu anayeziacha siku ya tatu kwa kudhani hazifai amejinyima. Wakati wa kupuliza, elekeza kichupa upande wa nje, kuelekea sikio la upande huohuo, ili dawa isiukaushe ukuta wa kati wa pua na kuutoa damu.

Chakula na uzito

Tumbo lililojaa huusukuma juu ukuta wa chini ya mapafu, na asidi inayopanda kutoka tumboni huwasha na kuvimbisha koo. Anayekula biriani saa nne usiku au kumalizia matembezi yake Forodhani kwa mishikaki na urojo, kisha akaenda moja kwa moja kitandani, asishangae misono ikizidi. Chakula cha mwisho kiliwe muda wa saa tatu hivi kabla ya kulala. Katika Ramadhani ratiba hiyo haiwezekani kwa ukamilifu, na badala yake inafaa futari nzito iliwe mapema na si baada ya tarawehe, daku liwe jepesi, na anayelala tena baada ya Alfajiri alale kwa ubavu na kichwa kikiwa juu.

Uzito ndio sehemu ngumu, na faida yake ni kubwa. Watafiti walewale wa Wisconsin walichapisha mwaka 2000 matokeo yaliyoonesha kwamba kuongezeka uzito kwa asilimia 10 kulikwenda pamoja na kuongezeka kwa matukio ya kukatika pumzi kwa takriban asilimia 32, na kupungua uzito kwa asilimia 10 kulikwenda na kupungua kwa matukio hayo kwa takriban asilimia 26. Kwa mtu wa kilo 90, hiyo ni kilo 9. Hazitoki kwa mwezi mmoja, na anayezitoa kwa njaa kali huzirudisha. Kupunguza sukari katika chai, kuiacha halua iwe ya sikukuu na shughuli, kupunguza wali wa usiku na kuongeza samaki na mboga, na kutembea kwa miguu nusu saa kila siku ni mambo ambayo mtu anaweza kuishi nayo. Sigara na pombe zina jibu fupi: kuziacha kabisa.

Mazoezi ya ulimi na koo

Wapo wasioamini kwamba misuli ya koo inaweza kufanyishwa mazoezi. Watafiti wa São Paulo, Brazili, walionesha mwaka 2009 kwamba mazoezi ya kila siku kwa miezi mitatu yalipunguza kukatika kwa pumzi kwa watu wenye hali ya wastani, na utafiti mwingine wa huko wa mwaka 2015 ulionesha kwamba mkoromo wenyewe ulipungua. Mazoezi ni haya: weka ncha ya ulimi nyuma ya meno ya juu na uuburute nyuma juu ya kaakaa, gandisha ulimi wote kwenye kaakaa kwa kuufyonza, na uushikilie hapo kwa sekunde chache, weka ncha nyuma ya meno ya chini na ukandamize ulimi wote chini, kisha fungua mdomo, tamka "a" na uinue kaakaa laini na kimeo, ukitazama kioo mpaka uvione vikipanda. Aliyesoma tajwidi anapajua mahali inapotokea herufi ya qaf, mzizi wa ulimi unapokutana na kaakaa laini. Hapo ndipo panapohitaji kuhisiwa. Rudia kila zoezi mara 20, mara tatu kwa siku. Ukiyafanya wiki moja tu usitarajie kitu.

Kuna pia utafiti wa Uswisi wa mwaka 2006 ulioonesha kwamba watu waliofundishwa kupuliza tarumbeta ndefu ya mbao ya wenyeji wa Australia walipungukiwa na usingizi wa mchana na matukio ya kukatika pumzi. Ala hiyo hupulizwa kwa pumzi isiyokatika, huku mashavu yakihifadhi hewa na pua ikivuta nyingine, na ndivyo wapigaji wetu wa zumari wanavyofanya.

Mambo ya kuachana nayo

Bado kuna watu wanaopeleka watoto, na hata watu wazima, kukatwa kimeo na waganga wa kienyeji kwa ajili ya kikohozi au kukoroma. Nasema kwa msisitizo: msifanye hivyo. Kimeo kina kazi ya kusaidia kuziba njia ya pua wakati wa kumeza, na kukikata kwa kisu kisicho safi kumewahi kuleta kutokwa damu nyingi, maambukizi, pepopunda na vifo. Upasuaji wa kaakaa upo hospitalini, lakini hufanywa kwa wachache waliochunguzwa vizuri, na hata kwao matokeo hayalingani.

Habasoda, asali na tangawizi haviharamishwi kwa mtu kuvila, ila havifungui koo lililoziba. Mafuta ya aina yoyote yasitiwe puani wakati wa kulala, kwa sababu yanaweza kuteremka mapafuni na kusababisha homa ya mapafu. Kujibandika plasta mdomoni, mtindo ulioenea mitandaoni, ni hatari kwa mtu ambaye pua yake haipiti vizuri. Dawa za usingizi zisinunuliwe dukani kwa nia ya kumtuliza anayekoroma, wala anayemsikiliza asizizoee.

Mtoto anayekoroma

Mtoto anayekoroma wakati wa mafua tu hatii wasiwasi. Mtoto anayekoroma karibu kila usiku, anayelala mdomo wazi na kichwa kakipinda nyuma, anayetokwa jasho jingi, anayerudia kukojoa kitandani baada ya kuacha, au anayesinzia skuli na chuoni, anahitaji kuonwa na daktari. Mara nyingi chanzo ni mafindofindo makubwa au nyama za pua zilizovimba, na kuziondoa kwa upasuaji hospitalini huwasaidia watoto wengi sana. Usingizi mbovu kwa mtoto hauleti uchovu peke yake. Humfanya mtukutu na asiyetulia, na mwalimu humwadhibu kwa jambo ambalo si kosa lake.

Kwenda hospitali

Anzia kituo cha afya kilicho karibu, ukiwa na daftari, sauti iliyorekodiwa, kipimo cha shingo, na orodha ya dawa unazotumia. Omba upimwe presha na sukari, na uchunguzwe tezi ya shingo kama una rovu au umenenepa bila ya sababu. Kisha omba rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo. Kwa Unguja rufaa nyingi huelekea Mnazi Mmoja, kwa Pemba huanzia hospitali za Wete, Chake Chake na Abdalla Mzee ya Mkoani, na zinazohitaji vipimo vikubwa zaidi huvuka kwenda Muhimbili, Dar es Salaam. Mjamzito anayekoroma amwambie mkunga wake kliniki, hasa kama presha inapanda au miguu inavimba. Anayetarajia kufanyiwa upasuaji wowote amwambie mtaalamu wa nusukaputi, yaani anayewalaza wagonjwa kwa dawa, kabla ya siku yenyewe kwamba anakoroma au pumzi hukatika, kwani dawa za usingizi na za maumivu humhatarisha zaidi kuliko mwengine.

Kipimo cha usingizi hurekodi pumzi, oksijeni, mapigo ya moyo na mlalo kwa usiku mzima, na siku hizi kipo cha kuvaliwa nyumbani. Hali ikiwa hafifu au ya wastani, daktari wa meno anaweza kutengeneza kifaa cha kuvaa mdomoni usiku kinacholivuta taya la chini mbele kidogo. Kwa hali ya wastani na kali, tiba yenye nguvu zaidi ni mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa ya puani ili koo lisifunge; Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia, ndio waliochapisha matokeo yake ya mwanzo mwaka 1981. Wiki za mwanzo ni ngumu. Barakoa huwasha, hewa huvuja, na wengi huiweka kabatini kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba barakoa ya saizi nyingine ingewafaa. Ivae kwanza mchana ukiwa macho, ukizungumza na watu au ukitazama televisheni, mpaka uso uizoee. Uliza kabla ya kununua kama inaweza kutumia betri, kwa ajili ya usiku umeme unapokatika. Barakoa ifutwe kila siku, chujio la hewa likaguliwe kila wiki kwa ajili ya vumbi na unyevu wetu, maji ya kwenye chombo cha mashine cha kuitia hewa unyevu yawe yaliyosafishwa na yabadilishwe kila siku, na ukipungua au ukiongezeka uzito urudi kwa daktari ili nguvu ya hewa ipimwe upya.